Siku Niliyosugua Kutu ya Memsabu Kusum

Aibu za watu wengine hukaa kwa midomo ya majirani miaka miwili mitatu halafu zinachoka, zinakufa. Yangu mimi Mutua iliandikwa kwa mashini, ikashonwa ndani ya kitabu, na kitabu kiko kwa chuo kikuu huko ng'ambo, na wakati mwingine nikinyoa ndevu najiuliza ni nani saa hii amefika ukurasa wangu na anacheka peke yake. Na sikuiba, sikulewa, sikushikwa na mke wa mtu. Nilisafisha tu.

Ilikuwa ile miaka Hali ya Hatari inaelekea kuisha, mimi nikiwa kibarua wa shamba moja la kahawa hapo Ruiru, na bwana wa shamba akaniweka nimsaidie Memsabu Kusum. Huyu Kusum alikuwa binti wa Muhindi wa duka la vyuma kule Thika (babake sisi wote tulimwita Mzee Misumari, na yeye anajua), amesoma mpaka masomo ya hapa yakamwishia akayafuata ng'ambo, na sasa alikuwa amerudi nyumbani kufanya utafiti wa ile digrii ya mwisho kabisa, ya udaktari. Si udaktari wa sindano. Wa mavi ya ng'ombe.

Msicheke. Kahawa ikimenywa, yale maganda yanatupwa, yanaoza, yananuka kutoka kiwandani mpaka mtoni. Yeye aliyachanganya na mavi ndani ya shimo la mawe, akalifunika na pipa kubwa la chuma lililopinduliwa, na baada ya wiki kadhaa pipa likaanza kuinuka lenyewe, pole pole, kwa sababu ndani kuna gesi, na hiyo gesi ukiiwasha inawaka, unapika chai. Mara ya kwanza kuona moto usio na kuni wala makaa nilirudi nyuma hatua tatu, na mimi nilipigana Burma, sirudi nyuma ovyo. Shida ni kwamba gesi yenyewe ilinuka mayai viza, inauma macho, inakula sufuria. Basi kazi yake Kusum, ile hasa aliyokuwa anatafutia udaktari, ilikuwa kuisafisha: gesi ipitie kwa debe lililojaa vipande vyembamba vya chuma, vile vinaanguka chini fundi akikata bomba, halafu itoke upande wa pili bila harufu.

Na alikuwa anafanya kazi, huyo msichana! Anavua bangili zake za dhahabu, anazifunga kwa leso shingoni, anaingiza mikono kwa mavi mpaka kiwiko, bila kukunja uso. Kila asubuhi, hata Jumapili, anachukua kikaratasi cheupe kilichochovywa dawa, anakishika mbele ya mpira unaotoa gesi. Kikigeuka cheusi, gesi ni chafu. Kikibaki cheupe, gesi ni safi. Anaandika kwa daftari. Na mimi, ambaye shamba lote waliniita boi na nina watoto wanne, aliniita Bwana Mutua. Nami nikamwita Daktari, kwa sababu jeshini mtu yeyote mwenye chupa na daftari ni daktari.

"Bado, Bwana Mutua," alikuwa anajibu kila nikimwita hivyo. "Bado."

Siku moja akaniambia profesa wake anakuja kuiona hiyo gesi kwa macho yake. "Akiona inasafika, naenda kuandika kitabu changu. Akiona haisafiki, nimekoroga mavi miaka mitatu bure, na baba amechoka kungoja, ananitaka nyuma ya kaunta niuze kufuli." Alisema akicheka, lakini vidole vyake vilikuwa vinazungusha kalamu tu. Mimi moyo wangu ukauma kama ni binti yangu.

Siku moja kabla ya ugeni alienda Thika kumpokea huyo profesa kwa babake, akaniachia maagizo: fagia kibanda cha jiko la gesi, osha vikombe, na lile debe la chuma wachana nalo kabisa. Nikasema ndiyo. Nikafagia, nikaosha, nikapiga chokaa mawe yote ya njiani, na saa nne asubuhi kazi ikawa imekwisha, na mtu mzima bila kazi ni hatari. Nikafungua debe kidogo tu. Kuchungulia tu.

Wuui! Kutu! Si kidogo, kutu nyekundu kama udongo wa Thika, imefunika kila kipande!

Sasa lazima mnielewe. Mimi jeshini nililala kizuizini siku tatu kwa sababu ya kutu ndogo kama tundu la sindano iliyoonekana kwa bunduki yangu asubuhi ya ukaguzi. Sajenti wetu alikuwa anasema askari mwenye kutu hata mama yake ajifanye hamjui. Na huyu profesa anakuja kukagua, kutoka ng'ambo, na memsabu wangu masikini, kwa wingi wa vitabu, hajaona chuma chake kimeharibika! (Ni kweli alikuwa amenieleza zamani kile chuma kinafanya nini humo ndani, na nilisikiliza, lakini mnajua vile msomi akieleza mambo, wewe kazi yako ni kutingisha kichwa.) Basi nikafunga valvu, nikamwaga vile vipande vyote chini, nikachukua mchanga na mafuta ya taa, nikasugua kimoja kimoja mpaka jua likaelekea kushuka, vidole vikatoka damu, halafu nikavipaka oili ya mashini visipate kutu tena. Vikang'aa kama vijiko vya harusi.

Mke wangu Ndinda alipita na kuni, akasimama.

"Baba Mueni, si uliambiwa hilo debe uwachane nalo?"

"Wewe unajua nini juu ya ukaguzi?" nikamwuliza.

Akajitwika kuni zake vizuri, akaenda. Ndinda akiniacha hivyo mimi huwa najua kuna kitu, lakini siku hiyo nilikuwa nimelewa sifa ambazo hata sijapewa.

Kesho yake wakafika. Profesa, mzee mrefu mwembamba mwenye daftari dogo. Mzee Misumari na suti nyeupe. Bwana wa shamba. Na pasta wetu, aliyeletwa aombee chai. Kusum alivaa sari ya kijani, na mimi kaptura ya khaki niliyoipiga pasi mpaka ungeweza kukata mkate nayo. Akaeleza kwa Kiingereza kama maji yanateremka, na profesa anatingisha kichwa, na babake amesimama nyuma anajaribu asionekane anajivuna. Halafu Kusum akaniambia, "Bwana Mutua, tufungulie."

Nikapiga magoti mbele ya jiko, nikafungua valvu, na kabla sijawasha kiberiti, harufu ikaja.

Mayai viza, jamani. Ndani ya kibanda kidogo, watu watano nyuma yangu, na kitu kilicho karibu nao zaidi ni makalio yangu. Bwana wa shamba akasogea pembeni. Mzee Misumari akatoa leso. Pasta akainama sikioni mwangu na ile sauti yake ya mazishi: "Ndugu Mutua, kama ni tumbo, toka nje kwanza. Sisi sote ni binadamu."

Na mimi nikatoka! Nikafunga valvu, nikasimama nje ya mlango kama mtoto aliyefukuzwa darasani, masikio yanawaka, nikijiuliza kama kweli ni mimi. Kusum akaifungua mwenyewe. Harufu ikarudi mara mbili, na mimi niko nje, kwa hivyo sasa wakajua si tumbo la Mutua. Akashika kikaratasi chake mbele ya mpira. Kikawa cheusi tii. Akachukua cha pili. Cheusi. Cha tatu, cheusi.

Profesa akasema kitu, pole pole, bila hasira, na Kiingereza changu cha jeshi kilitosha kuelewa: kwamba anasikitika, kwamba huenda njia hii haifanyi kazi. Akafunga daftari lake. Mzee Misumari akamshika binti yake bega, akamwambia kwa Kiswahili, labda ili mgeni asielewe, "Twende nyumbani, mtoto. Umejaribu."

Kusum hakulia. Alikuwa anaangalia tu kile kikaratasi, na najua alikuwa anarudi nyuma kichwani, siku kwa siku, akitafuta amekosea wapi. Hapo ndipo nami nikaanza kuhesabu siku. Jana asubuhi, kabla hajaenda Thika, kikaratasi kilikuwa cheupe. Kati ya jana na leo ni mkono wa nani umeingia kwa lile debe? Na hakuna aliyejua. Ningenyamaza, yeye angerudi kuuza kufuli akidhani kichwa chake ndicho kibovu, na mimi ningebaki na kazi yangu.

Nikaingia, nikapiga saluti. (Sijui kwa nini saluti. Mwili ulijiendea.)

"Daktari, ni mimi. Nilifungua debe. Nilitoa kutu."

"Ulitoa kutu gani?"

"Yote, Memsabu. Hata moja haikubaki. Na nikapaka oili."

Akauliza kwa sauti ndogo sana, "Bwana Mutua, sasa hiyo kutu umeiweka wapi? Kutu ndiyo inayosafisha."

Nikaonyesha mtoni, nilikoimwaga jana pamoja na mchanga na mafuta. Bwana wa shamba akanitukana tusi ambalo siwezi kulirudia mbele ya pasta, lakini Kusum alikuwa tayari ameshageuka, anamweleza profesa haraka haraka, na yule mzee nikaona nyusi zinapanda, zinapanda, halafu akafungua daftari tena. Akauliza swali moja. Kusum akatuangalia sote.

"Anauliza kama tunaweza kupata kutu nyingine leo."

Hapo mngeona vituko. Tulikwangua mabati ya zizi la zamani, tukakwangua plau iliyovunjika, mnyororo wa ng'ombe, bawaba za geti. Pasta alitumia funguo za kanisa. Profesa alipiga magoti na kisu chake kidogo. Mzee Misumari, suti nyeupe imekuwa nyekundu mpaka magotini, alikuwa anakwangua anasema, "Miaka thelathini nauza vyuma, naficha kutu wateja wasione, leo naitafuta kama dhahabu!" Na mimi katikati yao, kila mtu akinipita ananiangalia, nakwangua na kichwa chini.

Tukatoa vile vipande vya oili, tukajaza debe kutu, Kusum akarashia maji kidogo, akafunga, akangoja. Akafungua valvu. Akashika kikaratasi mbele ya mpira, na tukakikodolea macho sote, na kikabaki cheupe, kikabaki cheupe, kikabaki cheupe. Profesa mwenyewe akainama akanusa. Halafu akacheka, akaomba chai. Alikunywa vikombe viwili.

Wiki ile ile Kusum aliniita akiwa mbele ya mashini yake ya kuandika. Akasema profesa ameamuru ile siku iingie kitabuni, kwa sababu imeonyesha wazi kuliko mwaka mzima wa daftari: kutu ikitolewa, gesi ni chafu, ikirudishwa, ni safi. Jaribio ambalo yeye mwenyewe asingethubutu kulifanya mbele ya wageni. "Nimeandika 'msaidizi mmoja'," akaniambia. "Ukitaka naacha hivyo, hakuna atakayejua. Ama niweke jina?"

Nikamfikiria Ndinda. Nikawafikiria nyinyi majirani, ambao mngecheka hata bila kitabu.

"Weka jina, Daktari. Lakini andika pia kwamba chuma kiling'aa."

Alienda, akakaa karibu mwaka, akarudi na kitabu kinene cheusi, akaja nacho mpaka mlangoni kwangu. Nikasema, "Karibu, Daktari," nikangoja aseme bado. Hakusema. Alifungua katikati akaniwekea kidole kwa mstari, na mimi Kiingereza cha kusoma sina, lakini jina langu nalijua, lilikuwa pale. Nikamwuliza kama na kule kung'aa kupo. Akasogeza kidole maneno mawili mbele.

Tangu siku hiyo nimeapa, kutu ya mtu siigusi kabla sijamwuliza inamfanyia kazi gani. Hata jembe langu mwenyewe, kabla sijalisugua, huwa namwuliza Ndinda.