Siku tuliyombeba Kukhu hadi Chetambe kumchukua baba yake

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio Bungoma, mlio Kitale na popote mlikotawanyikia.

Mimi ni msomaji wa muda mrefu wa jukwaa hili, na huandika kwa nadra. Leo kijana mmoja ameweka humu picha ya wasichana wanne walioketi juu ya tuta kilimani Chetambe, wanakula mahindi ya kuchoma na kucheka. Chini yake ameandika: "Weekend poa, view safi."

Nimekuwa nikiirudia picha hiyo tangu asubuhi. Sina ugomvi na wasichana hao. Nataka tu kusimulia lililonipata juu ya tuta hilo hilo, bila kuongeza wala kupunguza. Asiyenisadiki, tuta bado lipo.

Kwa wageni: Chetambe ni kilima kinachotazama mji wa Webuye. Wazungu walipokuja na bunduki, Wabukusu walijikusanya juu yake ndani ya ngome, ukuta wa udongo uliozungukwa na handaki. Handaki lilikuwa limewasaidia dhidi ya mikuki miaka mingi. Kwa bunduki halikufaa kitu. Wengi walikufa ndani, na hawakuzikwa makwao.

Leo ukuta ni tuta lenye nyasi, na handaki limejaa hadi limekuwa kama kitanda. Ni mahali pazuri pa kuegemeza mgongo ukiwa umechoka. Nasema hivyo kwa sababu nimeegemea.

Mmoja wa waliobaki huko ni baba ya babu yangu.

Mke wake alitoka hai, babu yangu akiwa mgongoni na mtoto mwingine akiwa bado tumboni. Huyo wa tumboni ndiye Kukhu, yaani nyanya. Kwa hesabu ya ukoo alikuwa dada ya babu yangu, lakini babu alipofariki yeye ndiye aliyekuwa nyanya wetu sote. Aliolewa Mabanga, akazaa, akazika mume, na maisha yake yote hakuwahi kuiona sura ya baba yake wala kaburi lake.

Kwetu, mtu akifia ugenini na mwili usipatikane, huzikwa mgomba badala yake. Shimo huchimbwa bomani kama la mtu, na mgomba hulazwa pamoja na udongo wa mahali alipofia. Kabla ya hapo lazima aitwe, pale pale alipoanguka, aambiwe kwamba nyumbani wanamngoja. Anayemwita ni mtoto wake wa kumzaa. Na katika ukoo wetu kuna sharti moja zaidi: anayekwenda kuita hufunga mdomo tangu anapovuka mlango wa nyumba. Neno lake la kwanza ni la marehemu. Akimpa mtu mwingine neno hilo, safari imeharibika, na hairudiwi mpaka mavuno mengine yapite.

Kwa nini babu hakwenda? Alikuwa mtu wa kanisa, na aliona mambo hayo ni giza. Alipofariki, mtoto wa kumzaa aliyesalia duniani akawa Kukhu peke yake. Alikuwa anakaribia miaka mia.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kuajiriwa Kitale. Ilikuwa mwisho wa miaka ya themanini. Tulikuwa kikundi cha watumishi wa umma, vijana tusio na familia, tuliokwenda kupanda milima siku za Jumamosi. Kiongozi wetu alikuwa Chebet, msichana wa kabila jirani la Wasabaot, wa kwao Kapsokwony, aliyepanda mlima kama mtu anayevuka barabara. Mchekeshaji wetu alikuwa Barasa, wa kwetu, aliyekuwa na tumbo kubwa na visingizio vingi.

Niliwasimulia habari za Kukhu siku moja tukiwa njiani. Chebet alisimama.

"Si tumbebe?"

"Nani? Kukhu wa miaka mia?" Barasa akauliza. "Chebet, mimi najibeba kwa shida, bana."

"Wewe utabeba chai."

Kazi ngumu ilikuwa Bokoli, kwenye boma la ukoo. Baba Mkubwa, mwana wa kwanza wa babu, alikuwa mzee wa kanisa kama baba yake. Kukhu alikuja kutoka Mabanga, akaketi mlangoni pake, akakataa kuingia.

"Senge, ingia ndani," Baba Mkubwa alimwambia. Senge ni shangazi kwa lugha yetu.

"Siingii. Wewe babu yako analala nje, mimi nani niingie?"

"Senge, sisi tumeokoka. Kuzika mgomba ni mambo ya kale."

"Na wewe unadhani alikufa lini? Jana?"

Alikaa hapo mlangoni hadi jua likahama upande wa pili wa nyumba. Hatimaye Baba Mkubwa alitoka na kiti kingine, akaketi kando yake. Akasema hatapiga kelele wala kuita mtu, lakini shimo atalichimba yeye mwenyewe, kwa mikono yake, ili Mungu akiuliza, ajue ni nani wa kulaumiwa.

Tukachagua Jumamosi ya mwezi wa kiangazi. Nilichagua Jumamosi mimi, kwa sababu ndiyo siku ambayo wabebaji wangepatikana. Jambo hilo dogo nimeliwaza mara nyingi kuliko vitu vyote nilivyosoma chuoni.

Ijumaa jioni kikundi kilipofika Bokoli, Kukhu alitukagua mmoja mmoja kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Nyinyi ndio mtanibeba? Mikono hii ya kalamu?"

"Kukhu, tuna nguvu," Barasa akasema.

"Naona. Zote zimekaa tumboni."

Asubuhi alivuka mlango akiwa amefunga mdomo, na hakuufungua tena. Tulikuwa tumefunga kiti kwenye mafito mawili. Pickup ilitufikisha chini ya kilima, na kutoka hapo tukampandisha kwa zamu. Alikuwa mwepesi, lakini njia ina mawe. Barasa alipoanza kuhema, Kukhu alimgonga begani kwa fimbo, akamwonyesha kilele. Tulicheka sana. Yeye alicheka bila sauti, mabega yakitikisika.

Tulipofika juu alinyoosha fimbo kabla hata hatujamshusha. Mama yake alikuwa amemweleza: upande wa machweo, palipokuwa lango, karibu na jiwe pana ambalo wanawake walisagia wimbi. Jiwe lilikuwepo. Shimo la kusagia lilikuwepo, limejaa maji ya mvua ya zamani na majani.

Lakini hatukuwa peke yetu.

Kikundi cha watoto wa kanisa moja la chini kilikuwa kimekuja picnic. Walikuwa wametandaza shuka ndani ya handaki, wana mikate na soda, na wadogo walikuwa wakiteleza kwenye tuta kwa makalio, wakipiga kelele za furaha. Walimu wao walitupungia mkono. Ilikuwa siku njema, wakuu. Sijawahi kuona siku njema kama ile mahali pale.

Chebet aliwaendea walimu kuwaeleza kwa sauti ya chini. Kabla hajamaliza, msichana mmoja mdogo mwenye gauni la njano alishuka kwenye tuta akaja mbio kwa Kukhu. Alipiga goti kidogo jinsi alivyofundishwa kwao, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mulembe, Kukhu."

Mnaojua Kibukusu mnajua kwamba mulembe ni amani, mulembe muno ni amani tele, na ndiyo salamu yetu. Mtu akikupa mulembe nawe ukinyamaza, umemwambia kwamba kati yenu hakuna amani.

Kukhu alinyamaza.

Mtoto akadhani hakusikia. "Mulembe, Kukhu!"

Wenzake wakaanza kucheka kule juu. "Ati Kukhu hasikii! Ongeza sauti!"

Nilipiga hatua nimwondoe. Nilikuwa nimechelewa. Mtoto alikuwa amemshika Kukhu mikono, na uso wake ulikuwa umeanza kubadilika, ile hali ya mtoto anayejiuliza amekosea wapi. Safari hii alisema kwa sauti ndogo kabisa.

"Mulembe?"

Kukhu alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mulembe, mwanangu. Mulembe muno."

Mtoto akacheka, akarudi mbio kwenye tuta lake.

Barasa alivua kofia. Kukhu aliinama polepole, akagusa jiwe la kusagia kwa kiganja, akatuashiria tumwinue. Hatukuchukua udongo. Usingekuwa na kazi.

Njiani nilishindwa kuvumilia. "Kukhu, si ungenyamaza tu? Angesahau."

"Angesahau yeye," alinijibu. "Mahali pale watu waliuawa. Mtoto ananiletea amani mahali pale, nimnyime? Baba yangu angenisikia nikinyima."

Kisha akaongeza, "Tutarudi baada ya mavuno."

Bokoli, Baba Mkubwa alikuwa amesimama kando ya shimo, jembe mkononi, mgomba umekwisha kukatwa na kulazwa kivulini. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili. Alitutazama tukiingia.

"Amekuja?"

Kukhu akasema, "Nilisalimiwa."

Baba Mkubwa aliweka jembe chini. Alikuwa amekataa mambo haya miaka yote, na sasa machozi yalimtiririka mbele ya wageni. Shimo la kaburi kwetu haliachwi wazi hadi giza. Akaufukia mgomba peke yake, bila udongo wa Chetambe na bila jina. Hakutaka msaada.

Mavuno yalikuja. Mvua ikachelewesha kidogo, kisha Kukhu akaugua kifua, tukasema tusubiri apone. Kabla hajapona, machafuko ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya tisini yakaingia. Mnaoyakumbuka hamhitaji maelezo yangu. Watu waliokuwa wakiuziana maziwa walichomeana nyumba. Kutoka Kitale kwenda nyumbani kulikuwa kama kuvuka mipaka mitatu. Kikundi chetu kilisambaratika bila mkutano wa kuagana. Chebet aliondoka kazini siku moja na hakurudi. Sikumtafuta. Naye hakunitafuta.

Kukhu alifariki katika miezi hiyo, Mabanga. Nilifika siku ya pili baada ya mazishi.

Hivyo basi, hakuna tena mtoto wa kumzaa wa kumwita yule mzee. Pale Bokoli tuna kaburi lenye mgomba uliokwisha kuoza zamani, nasi tunalilimia pembeni kwa heshima, tukijua hakuna mtu ndani. Yeye yuko kule juu, na bintiye yuko Mabanga. Ukisimama kilimani siku isiyo na ukungu, unaweza kutazama upande wa Mabanga kwa macho yako. Umbali wenyewe si mkubwa.

Nilirudi Chetambe mara moja tu, mwisho wa miaka ya tisini, peke yangu. Nililikuta jiwe. Nikiwa nimeketi hapo nilisikia watu wanapanda, watalii wa kawaida wa wikendi, na mbele yao mwanamke anayetembea kama anavuka barabara.

Chebet alisimama aliponiona. Alikuwa amenenepa kidogo, nami nilikuwa na mvi. Tulitazamana. Katikati yetu kulikuwa na nyumba zilizoungua, za kwao na za kwetu, na hakuna kati yetu aliyejua mwenzake alikuwa akifikiri nini miaka ile yote.

Kisha akasema, kwa lugha yangu wala si yake, na kwa sauti ndogo kabisa:

"Mulembe?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Kukhu hakuteleza. Nilijibu kabla sijafikiri.

Majuto yangu hayajaisha kwa hilo, wakuu, na sitawadanganya kwamba yameisha. Tungekwenda Jumanne, pangekuwa kimya, na mzee angekuwa nyumbani. Funzo langu ni kwamba la mzee lisingojee siku inayotufaa sisi wabebaji, kwa kuwa mavuno mengine huja na mambo yake. Lakini sitawaambia vijana waache kupanda wala kuteleza kwenye lile tuta. Endeleeni. Mkifika juu, upande wa machweo, mkiliona jiwe pana lenye shimo katikati, toeni salamu hata kama hamwoni mtu.

Nami nauliza kwa dhati: katika koo zenu, mtoto wa mwisho akishaondoka, ni nani mwingine anayeruhusiwa kumwita marehemu? Kuna anayejua? Nitasoma kila jibu.