Nilijaza Kastadi Kwenye Kopo la Dawa, Akafutwa Mwenzangu

Admin, nifichie jina, maana Malaba ni ndogo. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na sita, baba wa watoto wanne na mzee wa kanisa. Hili sijamwambia hata mke wangu.

Miaka ya tisini nilifanya kazi kwenye maabara ndogo ya majaribio hapa mpakani. Tulifuga bakteria waliopandikizwa jeni ya kutoa kimeng'enya kinachokata penisilini, ili viwanda viunde antibiotiki nyingine. Jeni hiyo iliunganishwa na kinga dhidi ya tetrasaiklini, dawa ya unga wa njano, kwa hiyo kwenye supu ya kuwalishia lazima uitie kidogo, iue wale walioipoteza ile jeni. Usipotia, wengi wanaitupa, wananenepa bure na kimeng'enya hupati.

Kule Namboboto nilikoposa waliniita daktari, nami kwa ujinga sikuwasahihisha. Baba mkwe akapata kidonda mguuni. Mnajua watu wetu wanavyofungua kapsuli na kunyunyiza unga kwenye kidonda. Akaniambia mbele ya wageni, "Daktari, si wewe uko na dawa mingi huko? Niletee." Nilishindwa kusema kazi yangu ni kuosha chupa. Nikachota karibu kopo zima la tetrasaiklini ya maabara, nikalijazia kastadi ya dukani, maana zote ni njano. Na unga wenyewe haukusaidia, mzee aliishia hospitali.

Aliyekuwa akitia dawa kwenye supu ni dada mmoja wa kabila la Wateso, nitamwita Asike. Aliniuliza, "Mbona hii haiyeyuki vizuri?" Nikamwambia ni dawa mpya imeletwa. Akaniamini. Wiki hiyo bakteria walijaa mtungi, kimeng'enya hakuna. Mkubwa akamfokea, "Wewe ulisahau dawa!"

"Boss, haki ya Mungu niliweka! Nilipima na mkono yangu." Akanitazama nimtetee. Mimi nikaendelea kusugua chupa. Akafutwa siku hiyo hiyo.

Leo Asike anauza maharagwe sokoni. Juzi nilimkuta akimkataza bintiye kusomea sayansi, na msichana ameshaitwa chuo. "Hiyo kazi inataka mtu makini," alimwambia. "Mimi nilisahau dawa, wakanifuta. Nilibisha miaka mingi, lakini sasa naona ni kweli nilisahau."

Nilinunua maharagwe, nikaondoka. Naona aibu, jamani, hata kula siwezi. Nikisema, wakwe na kanisa wote watanijua mimi ni nani. Na binti anatakiwa kujibu chuo Ijumaa hii. Nishaurini ndugu zangu, nianzie wapi kumwambia Asike kwamba hakusahau?