Kadi Moja, Majiko Mawili

“Wewe bwana yako alikufa bila kukuletea mwenzako, utajua nini ya wivu?”

Rehema alimuuliza jirani yake, Mama Yvette, swali hilo mwaka jana, huku akipepeta mchele. Leo asubuhi, hapa Kasuku, mjini Kindu, Mama Yvette amerudi katika ua uleule na mkoba wa kadi mpya.

Mama Yvette ni mwandikishaji wa mituweli, chama cha afya cha watu wa kipato kidogo. Watu wanachanga, na mwenye kadi akiugua anatibiwa. Zamani kadi moja ilitolewa kwa wote wanaokula chungu kimoja. Siku Mama Yvette alipouliza habari ya chungu, Jamila, mke mdogo, alikuwa shambani na jiko lake limezimika. Rehema, mke mkubwa, akajibu upesi kwamba chungu ni kimoja, na kadi ikabaki kwake.

Tangu hapo Jamila akiugua ni lazima apige hodi kwa mke mwenzake, na mara nyingi kadi haionekani. Sasa ana mimba, na siku zake zimekaribia.

Utaratibu umebadilika: kila jiko na kadi yake. Lakini ile ya zamani irudishwe kwanza.

“Akipata yake, ndiyo kusema iko nyumba mbili hapa,” anasema Rehema. “Miye nilijenga na Soudi tangu vita. Yeye alikuta mabati.”

“Na masizi nilikuta, dada,” anajibu Jamila taratibu, mlangoni pa jiko lake.

Soudi, mume wao, ameondoka mapema na pikipiki yake. Siku za kadi hakosi abiria.

Mama Yvette hamkemei mtu. Anasema huwa anasali kimoyomoyo, kisha anangoja. Anatumaini kumaliza Kasuku kabla ya mvua, avuke mto Lualaba aanze Alunguli, ambako nako wake wenza ni wengi.

Wakati wa vita yeye ndiye aliyemshika mkono Rehema, mwenye uchungu, hadi mlango wa nyumba ya uzazi. Hawakuwa na cha kutoa. Mlango haukufunguliwa. Mtoto alizaliwa palepale nje, na hakulia.

Hajawahi kulitaja jambo hilo. Leo analitaja, kwa sauti ya chini.

“Rehema, siku ile pale mulangoni tulikuwa wawili tu. Na huyu umutume pale?”

Rehema anafungua pindo la kikwembe alichojifunga kiunoni, anatoa kadi, ingali na joto la mwili wake. Hampi Jamila. Anaiweka magotini pa Mama Yvette, anaokota ungo wake, na kutoka uani.