Rhobi Alisema Magoti

Wanawake wa kijiji chetu wanasema wifi yangu Rhobi ana kiburi. Kanisani anakaaga benchi la mwisho karibu na mlango, na kabla ya komunio ameshaondoka bila kumsalimia mtu. Nikisikia hivyo damu inanichemka, maana mimi Nyamburi, dada wa mume wake, ndiye ninayejua.

Tangu amzae Onesmo, kitinda mimba wake ambaye sasa ana ndevu, mkojo unamtoka wenyewe. Akikohoa, unatoka. Akiinua ndoo, unatoka. Akikaa tu ametulia, unatoka. Kaka yangu Burito alihamisha kitanda chake kwenda nyumba ya uani, akasema ni joto. Joto gani, Butiama hii? Nilikuja kuujua ukweli siku niliyomkuta Rhobi mtoni anafua vitambaa huku analia.

Mwaka huu ikaja habari kwamba madaktari bingwa watafika hospitali yetu ya Butiama, watakaa siku chache tu. Gloria, mhudumu wa afya wa kijiji, akatukusanya wanawake. Akasema tusiende kule na ule wimbo wetu wa mwili wote unauma. Kila mmoja aamue kwanza nyumbani: anataka mwili wake uweze kufanya nini? Amtamkie daktari hilo hilo, tiba itaanzia hapo.

Rhobi alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Tukipalilia mihogo anaulizauliza: niseme nataka kulala pakavu? Niseme nataka mume wangu arudi ndani? Mwishoni akachagua, akaniambia huku anatazama jembe.

"Nataka nikae kanisani mpaka baraka ya mwisho."

Nikamwambia hilo ndilo, asipunguze hata neno. Nilipoona anaogopa nikamkumbusha kwamba mficha uchi hazai. Akacheka, kicheko kibaya, akasema yeye ameshazaa saba, na huko kuzaa ndiko kulikomfikisha hapo.

Sasa sikia walichofanya wanaume. Kiswahili cha Rhobi ni cha sokoni; mbele ya daktari anahitaji mtu wa kumsemea. Nikasema nitakwenda mimi. Burito akakataa, akasema aende Prosper, ana pikipiki na amesoma. Prosper ni mkwe wao! Ndiye aliyemwoa binti yao mkubwa. Kwetu mama mkwe na mkwe hawapeani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Rhobi hajawahi kumtazama kijana yule usoni. Nikamuuliza kaka, atayasemaje mambo ya ndani mbele ya mkwe? Akajibu kwamba hospitali haina ukwe. Ni rahisi kusema, aibu si yake.

Asubuhi ile Rhobi alipanda pikipiki, akaweka kapu katikati yao wasigusane. Mimi nilitembea mpaka barabarani, gari likachelewa, nikafika mchana na vumbi mpaka kwenye kope. Nikamkuta amekaa kwenye ngazi za nje, mkononi ana dawa ya kuchua. Nikamuuliza kama amesema. Nikamuuliza tena.

"Nimesema magoti," akajibu.

Nikamvuta maneno moja moja. Daktari alimuuliza kwa upole anataka mwili wake uweze nini. Prosper akamgeuzia swali kwa lugha yetu, ameinamisha macho chini. Rhobi akafungua mdomo, akaliacha lile la kanisani. Akasema anataka kulima bila magoti kuuma. Mkwe akatafsiri, daktari akamgongagonga magoti, akamwandikia dawa, basi.

Nilimwacha pale nikamfuata Prosper kwenye pikipiki yake, nimefura. Mungu anisamehe, siku ile nilivunja miiko yote. Nikamwambia mama mkwe wake anavuja mkojo, na madaktari wanaondoka leo leo, kwa hiyo arudi ndani akaseme ukweli.

Hakushtuka. Aliendelea kutazama usukani.

"Najua, shangazi," akasema. "Tulipofika niliona kiti cha pikipiki kimelowa, nikakiosha upesi watu wasione. Ndani nilikuwa nasubiri aseme mwenyewe. Mimi mkwe, ningeanzaje?"

Nilitaka kumzaba kofi. Lakini kwa desturi yetu hakuwa na kosa, na hilo ndilo lililoniuma mpaka machozi yakanitoka. Nikageuka ili nikimbilie kwa daktari. Rhobi alikuwa amesimama nyuma yetu. Alikuwa amesikia yote.

Nikamshika mkono. Mlango wa daktari ulikuwa bado wazi, nauona kabisa, na nesi amesimama pale anakusanya mafaili. Nikambembeleza, twende, nitasema mimi, Prosper abaki huku huku, ni dakika tu. Nilimbembeleza kama mtoto mgonjwa anayekataa uji.

"Ameona," akasema Rhobi. Akauchomoa mkono wake.

Akapita getini, akashika barabara ya nyumbani kwa miguu. Prosper hakuthubutu hata kuwasha pikipiki. Nilimfuata nikimwita jina lake mbele ya watu, mpaka pumzi ikaniisha. Hakugeuka. Kanga yake ilikuwa imelowa yote nyuma, wala hakujisumbua tena kuificha.