Mafuvu ya Adalgiso

Shemeji yangu Adalgiso amezaliwa kwenye ardhi nyekundu ya jimbo letu la Goiás, ameilima miaka hamsini, na mpaka leo hajui inataka nini. Mdomo tu ndio anao.

Mwaka aliopanda brakiaria, nyasi za malisho, bwana shamba wa ushirika alimweleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Udongo wenu ni mchachu na hauna fosforasi. Mbolea ya supafosfeti ni ghali, lakini nyasi huipata upesi. Mawe ya fosfeti yaliyosagwa ni rahisi, ila huyeyushwa na uchachu wenyewe, kwa hiyo usiuue uchachu huo kwa chokaa.

Adalgiso akanunua mawe. Kisha akamwaga chokaa juu yake, gunia baada ya gunia, kwa kuwa jirani naye alimwaga.

Nyasi zikadumaa. Badala ya kuona haya, akasema ni kijicho, akatundika mafuvu ya ng'ombe kwenye nguzo za ua, kama wazee wa kwetu wanavyokinga husuda. Husuda! Nani aonee wivu manyasi yale? Hata panzi walihamia kwangu.

Dada yangu Lindaura, mkewe, alikuwa na ng'ombe mmoja, Pintada, aliyeachiwa na marehemu mama. Jibini ya Pintada ndiyo kitu pekee katika nyumba ile ambacho Adalgiso hakuwa amekiharibu.

Mwezi wa Juni, kiangazi kimeshika, tulimkuta Pintada ameangusha fuvu, analitafuna.

"Adalgiso, toa mifupa hiyo!" Lindaura alipiga kelele. "Nyasi zako hazina kitu, ndiyo maana anakula mifupa. Ina sumu ya mzoga, itamuua!"

"Anacheza tu huyo."

"Shemeji, basi hata chumvi ya madini mnunulie," nikasema.

"Nyie ndugu wawili mna kelele kama kasuku. Niyatoe, husuda iingie?"

Lindaura aliyashusha mwenyewe, akayafukia. Jumapili, tukiwa misani, mumewe akayafukua na kuyatundika tena. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hapa sikio lilikuwa la Adalgiso na kifo kikawa cha Pintada.

Wiki iliyofuata miguu ya nyuma ilimlegea. Akalala, ulimi nje, hawezi hata kumeza. Lindaura alikaa naye siku mbili akimfukuzia nzi. Siku ya tatu akafa, nami nililia kwa hasira zaidi ya huzuni.

Tulikuwa tunapanga kuni za kuuchoma mzoga, Adalgiso akaja na panga.

"Kichwa mniachie. Nguzo ya lango haina kitu."

Lindaura hakuinua hata macho.

"Tundika chako. Nacho hakina kitu."

Tukamchoma Pintada mzima, kichwa na kwato. Jioni ile dada yangu alihamia kwangu, na mzigo wake ulikuwa ndoo ya kukamulia, tupu.