Namba Tisa Iliyofumuliwa

Mtu akitaka kunitia hasira mpaka leo, aje dukani kwangu na jezi mkononi aniambie, "Fundi, fumua." Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Tanga, na duka langu liko Yeoville, karibu na soko. Kwa miaka mingi duka hilo lilikuwa pia kibanda chetu cha mpira. Televisheni niliitundika juu ya rafu ya vitambaa, na siku za mechi watu walikaa popote walipopata, juu ya marobota au kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa saluni ya jirani. Waliochelewa walisimama mlangoni, baridi ya Juni ikiwapiga migongoni. Walikuja Wakongo, Warundi, Watanzania, na mmoja mwenye spaza, kiduka cha mtaani huko Soweto, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyepanda teksi mbili kila Jumamosi ili aje kubishana nasi. Kwake alikuwa na televisheni kubwa kuliko yangu, ila hakuwa na mtu wa kugombana naye.

Klabu tuliyoishangilia haikuwa yetu kwa lolote. Ilikuwa klabu ya daraja la pili, hapa hapa Johannesburg, na hakuna miongoni mwetu aliyemjua hata mlinzi wake wa getini. Tuliipenda siku ilipomsajili kijana wetu. Alikuwa Mrundi aliyekulia Yeoville, na wengi wetu tulimjua tangu alipokuwa akicheza peku kwenye vumbi la Bez Valley. Alipewa namba tisa. Basi kuanzia hapo tukajikuta tunatukana waamuzi wa mechi ambazo zamani tusingezitazama hata kwa kulazimishwa.

Jezi halisi ilikuwa ghali, kwa hiyo nikaanza kuwashonea za kwangu. Kitambaa kilikuwa cha bluu, na namba niliikata kwa kitambaa cheupe, nikaizungushia mshono wa zigizaga wa karibu karibu isije ikabanduka kwenye kufua. Nilishona tisa hizo mpaka mkono ukawa unazikata bila kuchora. Ukitoka nje Jumamosi ungekuta mtaa mzima una namba moja mgongoni, tangu kinyozi hadi mama wa saluni aliyekuwa jirani yangu.

Mama huyo alikuwa mtu wa Lubumbashi, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuvuka barabara. Alisuka nywele, akauza mafuta ya ngozi, na kwenye droo ya chini aliweka vidonge vya kunenepesha, vile ambavyo wanawake wengi wa kwetu na wa kwao humeza wapate mashavu na makalio. Hakuna aliyeviona kuwa ni siri. Saluni ya namna ile bila vidonge vile ni sawa na duka la chai lisilo na sukari.

Kijana wetu alikuwa na kasoro moja tu, wembamba. Mabeki wa huku wana miili, na walimsukuma akaanguka kila alipopokea mpira. Hapo ndipo kila mtu akawa daktari. Huyu akamwagizia supu ya kongoro, yule akamletea unga wa uji wa lishe kutoka Dar es Salaam, na mwenye spaza akasema mbele yake kwamba akigeuka ubavu haonekani, ndiyo maana waamuzi hawampi penalti. Tulicheka sote, naye akacheka. Msimu uliofuata akarudi na kifua na mashavu, akafunga mabao, na klabu ikaanza kuukaribia mlango wa ligi kuu. Kila mtu akadai kuwa ni supu yake iliyofanya kazi.

Halafu ikaja habari. Tuliisikia redioni, asubuhi, nikiwa na pini mdomoni. Mchezaji wetu alikuwa amepimwa baada ya mechi, mkojo wake ukakutwa na dawa iliyokatazwa, na amesimamishwa mpaka kesi yake isikilizwe.

Jumamosi ile mpira haukutazamwa. Watu walibishana tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, na mwenye spaza ndiye aliyeongoza. Alisema sikio la kufa halisikii dawa, lakini la huyu limezisikia dawa zote. Alisema mabao yote yale yalikuwa ya chupa. Mzee mmoja wa Kirundi alijaribu kusema kwamba mtu hahukumiwi kabla ya kesi, wakamzomea kwamba anamtetea kwa ukabila. Mama wa saluni alisema kwa uchungu kuliko wote. Alipiga kofi paja lake, akasema mtoto yule alikula kwenye sufuria yake tangu anasoma shule, na leo amewavua nguo mbele ya wenyeji, ambao walishasema siku zote kwamba wageni ni wezi. Mimi sikumtetea. Nilikuwa nimemkasirikia yule kijana kwa sababu alikuwa hapokei simu, na nilitaka aje aniambie kwa mdomo wake.

Kesi ikasikilizwa. Akaulizwa dawa ile aliipata wapi, akasema hajui. Wakamfungia miaka minne, ambayo kwa mshambuliaji ni sawa na kumwambia akatafute kazi nyingine. Klabu nayo, bila yeye, ikafungwa nyumbani, ikafungwa ugenini, na mechi ya mwisho ya kupanda daraja ikapotea kwa penalti moja iliyogonga mwamba. Mwenye spaza akavua jezi yake, akabaki na fulana ya ndani kwenye baridi ile, akaitupa juu ya cherehani.

"Fundi, fumua," alisema. "Nishonee namba ya mtu mwingine. Kumi, saba, yoyote."

Wiki iliyofuata wakamiminika. Kila mmoja na jezi yake, kila mmoja na maneno yale yale, kana kwamba wamekaririshwa. Walimla mwenzao akiwa mtamu, sasa wanamtema. Mla nawe hafi nawe, walisema wazee, na mimi niliwahesabu walaji hao mmoja mmoja wakingoja zamu. Ningeweza kukataa. Nilikubali kwa hasira, nikachukua wembe, nikakata uzi mmoja mmoja, huku nikijua kitakachotokea. Jezi zile zilikuwa zimechomwa na jua la misimu miwili, bluu imepauka. Chini ya namba jua halikufika. Nilipoibandua ile tisa nyeupe, ikabaki tisa nyingine, ya bluu iliyokoza, safi, imekaa pale pale.

Wakalalamika. Nikawaambia mimi ni fundi, si mpaka rangi. Mwenye spaza akataka niizibe kwa kiraka, nikamjibu kwamba kiraka cha ukubwa ule kitamfanya aonekane ameng'atwa na mbwa. Aliondoka akinuna.

Yule kijana mwenyewe alikuja Jumatano moja mchana, mtaa ukiwa mtulivu. Alikuwa ameshika suruali nyeusi ya sare ya ulinzi, amepata kazi ya kusimama kwenye mlango wa duka kubwa, na ilikuwa inamvuka. Nilipomzungushia futi kiunoni nikashtuka. Mwili wote ule ulikuwa umekwenda, amerudi kuwa yule yule wa Bez Valley. Mtu aliyenenepa kwa uji na supu hayeyuki namna ile. Futi ikiwa bado mkononi nikamuuliza anameza nini, au alikuwa anameza nini.

Alitazama ukuta wa upande wa saluni. Basi akaniambia. Alipewa vile vidonge vya mashavu, vimefungwa kwenye karatasi ya gazeti, na akameza kama wanavyomeza dada zake, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Hakujua kwamba ndani yake kuna dawa ya kumfungia mtu. Alipopata habari ndipo akaenda kwa mfamasia wa Hillbrow, akamwonyesha kimoja kilichobaki, na mfamasia akashika kichwa.

Nilipandwa na hasira mpaka nikaiangusha futi. Nikamuuliza kwa nini hakusema kwenye kesi, wakati kila mtu anajua kwamba anayeonyesha alikoipata dawa hupunguziwa adhabu.

"Wangetaka jina la aliyenipa," alisema. "Yule mama hana kibali cha kuuza dawa, mzee. Na karatasi zake za kukaa hapa unazijua."

Nikamwambia kwamba mama huyo ndiye anayemtukana kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Najua. Eish, sauti yake inafika mpaka kwetu." Akatabasamu kidogo. "Lakini alinipa kwa mapenzi. Hakuchukua hata senti."

Akaniapisha nisiseme. Nikaapa, nikampunguzia suruali, akaenda kulinda mlango wa watu.

Sikuweza kushika kiapo hicho hata mwezi, na sijutii. Mama wa saluni alikuja wa mwisho, jezi yake ameikunja vizuri kwenye mfuko. Alikuwa ameichelewesha, nadhani kwa sababu ilikuwa inamuuma. Aliiweka juu ya meza.

"Papa, unitolee hii numero," alisema. "Siwezi kutembea na haya ya ule mutoto ku mugongo."

Nilichukua wembe. Nilikata nyuzi tatu, nne, halafu nikauweka wembe chini. Nikamuuliza kama vile vidonge vya mashavu aliwahi kumpa na yule kijana.

"Njo miye nilimupatia," alisema kwa fahari. "Alikuwa mwembamba sana. Kwa nini?"

Nilimtazama tu, na nikaona fahari ile ikimtoka usoni polepole. Alivuta kiti chake mwenyewe cha plastiki akakaa.

"Kule mu kesi alisema nini?"

"Alisema hajui."

Alikaa pale mpaka mteja wake aliyesukwa nusu kichwa akaja kumtafuta. Kesho yake alifunga saluni, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaenda mwenyewe kwa wakili wa klabu na kopo la vidonge kwenye mkoba. Nilitaka kumsindikiza akakataa, akasema ule ni mzigo wake. Aliwaeleza yote, jina lake, duka lake, na alikovinunua. Rufaa ikasikilizwa, na adhabu ikapunguzwa hata kijana akaruhusiwa kurudi msimu uliofuata.

Ungedhani hapo watu wangeona aibu. Hawakuona. Midomo ile ile iliyomwita kijana mwizi ikageukia saluni. Mwenye spaza alisimama kwenye mlango wangu akamwita mchawi, kwa sauti ya kusikika na kila mteja aliyekuwa chini ya kikausha nywele. Wanawake waliomeza vidonge hivyo hivyo miaka nenda miaka rudi wakasema wanaogopa kukaa kwenye kiti chake. Wakahamia saluni ya pili. Nilimwambia mwenye spaza asikanyage tena kwangu na tukakaribia kushikana mashati. Lakini saluni haiendi kwa hasira za fundi wa jirani. Mama yule aliuza vikausha nywele vyake, akaniachia viti vya plastiki, akapanda basi la kurudi Lubumbashi. Jezi yake alikuwa ameisahau kwangu, na mimi sikumkumbusha kwa sababu bado ilikuwa na kazi, zile nyuzi nilizozikata zilitakiwa kurudishwa.

Kijana akarudi uwanjani. Mechi yake ya kwanza alifunga, kwa kichwa, akiwa mwembamba vile vile, beki mwenye mwili amebaki chini. Duka langu lilitikisika. Watu walikumbatiana, wakalia, wakasema walijua tangu mwanzo. Jumatatu asubuhi nikakuta foleni mlangoni, na mwenye spaza ndiye wa kwanza, kana kwamba sijawahi kumfukuza, ameshika jezi yake yenye kivuli cha tisa mgongoni. Akaniambia, huku anacheka, kwamba kwangu itakuwa kazi rahisi, kwa kuwa alama ya kufuata ipo tayari.

Cherehani ilikuwa inanguruma chini ya mkono wangu. Niliwaambia imeharibika.

Nilipomaliza nilichokuwa nikishona nilikata uzi, nikaikunja jezi, nikaenda nayo Park Station, kituo cha mabasi, nikamkabidhi dereva wa basi la mchana. Hiyo ndiyo tisa pekee niliyoirudisha. Iko Lubumbashi.