Kidole cha Mpwa Wangu

Niliacha shule darasa la tatu, na tangu hapo sikukaa mahali nikamaliza mwaka. Unyozi nilijifunza Mackinnon Road, miaka ya hamsini mwanzoni, kwa kuwa nilitaka tu kujua mashine ya mkono inakataje nywele bila kuzing'oa. Fundi wangu aliniachia kazi ya kunyoa watoto. Yeye alikuwa akiwabana vichwa kwa magoti, na vilio vyao vikisikika hadi stesheni.

Mimi niliwaambia, "Ukiinua kidole, naacha. Ukikishusha, naendelea." Na nilikuwa naacha kweli, hata kama kichwa kimebaki nusu. Wengine waliinua mara kumi kwa kunijaribu, wakicheka. Waliokuwa wakipiga mayowe wakawa wanakuja wenyewe.

Kwa sifa hiyo nikaitwa kijiji cha Bodo, kwa dada yangu. Alikuwa amezika watoto wawili wachanga kabla ya kumpata binti yake, akaweka nadhiri kwamba nywele za huyu zisiguswe mpaka atimize miaka minne. Mtoto akalelewa hivyo. Mwenziwe akimvuta nywele, alichapwa. Sasa miaka ilikuwa imetimia, siku imewekwa, na kinyozi ni mjomba mtu.

Nilimzoeza siku tatu. Nilijipitishia mashine mkononi, akaona vinyweleo vikianguka. Nikampa mkasi anikate mimi, akanitia kipara nyuma ya sikio, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza:

"Mjomba, wale wenzangu walinyolewa?"

"Wepi?"

"Waliokufa."

Nikajibu kama mtu aliyeulizwa njia. "Ee, walinyolewa siku ya saba, kama watoto wote."

Akajishika nywele. "Nikiinua kidole utaacha?"

"Nitaacha."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Siku yenyewe ua ulijaa. Ubani ulikuwa ukifuka, pilau imeshapaliwa makaa, na mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa amekaa jamvini akingoja kusoma dua. Upande wa kulia nilimaliza vizuri. Nilipogeukia wa kushoto, kidole kikainuka. Nikaacha.

"Mbona umesita?" akauliza bibi yake, mzaa baba.

"Ameniomba nipumzike."

"Lo! Kinyozi gani wewe, unaamrishwa na mtu asiyejua hata kujifunga leso! Au huko Mackinnon Road mwanyoa nusu nusu, kama wachuma mchicha?"

Ua mzima ukacheka. Hata mwalimu alificha mdomo kwa tasbihi yake. Dada yangu akanong'ona, "Kaka, maliza tu, watu wana njaa."

Nilikitazama kile kidole. Kilikuwa hakishuki, na hapo ndipo nilipoelewa nilimjibu nini juzi. Alikuwa haogopi mashine. Alikuwa ameyajumlisha maneno yangu mwenyewe: wale walinyolewa, wale walikufa. Ningeweza kuweka mashine chini, nikamchukua pembeni, nikamweleza. Pilau isingeharibika.

Nikaendelea kunyoa. Hakulia. Aliinua kidole cha pili, kisha kiganja chote, akakisogeza karibu na uso wangu, kana kwamba nilikuwa mtu asiyeona vizuri. Nilipomaliza vigelegele vikapigwa, na bibi yake akanisifu kwamba sikumtia hata mchubuko.

Wiki ile, kila asubuhi alimuuliza mama yake kama yeye bado yu mzima. Dada yangu alicheka akisema hajui maneno hayo ameyatoa wapi. Nilijua, sikusema.

Nikaanza kuwashwa na nyayo, kama kawaida yangu, nikafunga mzigo. Siku niliyofika, mtoto yule alinirukia mgongoni kabla sijavua viatu. Siku ya kuondoka aliitwa na mama yake aje kuniaga. Akaja na kitambaa kichwani, taratibu, akanipa mkono, akasema, "Shikamoo, mjomba," kama anavyoamkiwa mgeni wa baba yake.

Bibi alifurahi. "Mwaona! Ameshika adabu."

Nilikuwa na neno la kumwambia, na lilikuwa fupi. Lakini watu walikuwa wamesimama mlangoni, na sikuwahi kumwona mtu mzima akimwomba mtoto radhi mbele za watu. Nikaitikia marahaba. Akautoa mkono wake mkononi mwangu, akarudi ndani.